Dirisha la Bwana Overton

Je, msomaji, umepata kujiuliza sheria huzaliwa wapi? Wengi watajibu kwamba huzaliwa bungeni. Jibu hilo ni kweli, lakini si kweli yote.

Mwaka 1987, katika jimbo la Michigan, nchini Marekani, ilianzishwa taasisi iitwayo Mackinac Center. Haikuwa chama cha siasa. Kazi yake ilikuwa kuchunguza mambo ya jimbo, kuchapisha maandiko na kutetea soko huria. Mmoja wa wakuu wake, Bwana Joseph Overton, aliyefariki mwaka 2003, alieleza kwamba mawazo yanayokubalika kwa umma ni mfano wa dirisha: mwanasiasa huchagua yaliyomo ndani yake tu. Basi atakaye kubadili sheria, na alisogeze dirisha kwanza.

Sasa tazama matokeo. Michigan ndiko kilikozaliwa chama cha wafanyakazi wa magari, mjini Detroit, mwaka 1935. Kwa miaka mingi taasisi ile ilidai kwamba mfanyakazi asilazimishwe kulipa ada ya chama. Mwaka 2012 dai hilo likawa sheria. Wanachama walilalamika kwamba asiyelipa atakula jasho la wenzake. Hawakunyamaza, na mwaka 2023 bunge la jimbo likapitisha uamuzi wa kuifuta.

Kumbe dirisha lile husukumwa na mikono mingi, huku na huku. Usikiapo wazo jipya, usilipokee wala usilikatae upesi. Uliza kwanza: nani analisukuma, na kwa hoja gani?