Asili ya Kadi za Kujikumbushia

Wahenga walinena kwamba rahisi huvunja upishi. Neno hili ni kweli katika mambo mengi. Lakini, msomaji, nataka ulipime mwenyewe kwa habari ya chombo ambacho wanafunzi wengi wa siku hizi hukitumia katika simu zao, yaani kadi za kujikumbushia. Programu za kadi hizo ni nyingi: nyingine hutolewa bure, nyingine hulipiwa kila mwezi. Je, mwenye fedha hukumbuka zaidi kuliko asiye nazo? Ili tujibu swali hili yatupasa kurudi nyuma zaidi ya miaka mia moja.

Huko Ujerumani alikuwako mtaalamu aitwaye Hermann Ebbinghaus, aliyetaka kujua jinsi akili inavyosahau. Alitunga silabi zisizo na maana yo yote, akazikariri, kisha akangoja na kujipima. Mwaka wa 1885 alitoa kitabu chake. Aliona kwamba katika saa moja ya kwanza zaidi ya nusu ya kazi yake ilikuwa imepotea, na baadaye usahaulifu ulikwenda polepole. Tena aliona kuwa marudio yaliyogawanywa katika siku kadha yafaa kuliko yaliyorundikwa pamoja.

Mwaka wa 1972 mwandishi wa habari Sebastian Leitner aliieleza njia ya kuitumia kanuni hiyo kwa kisanduku chenye vyumba vitano. Kadi huandikwa swali upande mmoja na jibu upande wa pili. Ukijibu sawasawa, kadi husogezwa chumba cha mbele, ikae siku nyingi zaidi kabla ya kuulizwa tena. Ukikosa, hurudishwa chumba cha kwanza.

Kisha, mwaka wa 1985, mwanafunzi wa Poland, Piotr Woźniak, alianza kuhesabu kwa karatasi siku zifaazo za kurudia maneno ya Kiingereza, na mwaka wa 1987 akaandika programu ya kompyuta, SuperMemo, iliyofanya hesabu hiyo. Mwaka wa 2006 Damien Elmes wa Australia, aliyekuwa akijifunza Kijapani, alitoa programu ya Anki, akiazima hesabu ya Woźniak. Katika kompyuta Anki ni bure. Katika simu za Android ni bure pia, kwa kazi ya watu wajitoleao. Katika iPhone iliuzwa kwa miaka mingi kwa dola 25 hivi, nazo fedha hizo zilisaidia kuiendeleza. Basi waona kwamba bei ilifuata aina ya simu, wala si wema wa kanuni.

Sisemi kwamba kulipa ni upumbavu. Afanyaye kazi astahili ujira, na programu za kulipiwa huweza kuwa na sura nzuri na kadi zilizokwisha andikwa. Lakini kabla hujatoa senti, uliza: Je, yanirudishia kadi wakati ninapokaribia kuisahau? Je, yaniruhusu kuandika kadi zangu mwenyewe, na kuzichukua nikihama? Ikiwa sivyo, umenunua pambo.

Na kama huna simu, au shule yako hairuhusu, karatasi ya manila na sanduku la viatu vyatosha; kanuni ya Ebbinghaus haina mwenyewe.

Lakini jihadhari. Kadi hulinda ulichokwisha fahamu; haikufahamishi. Ajuaye kwamba Uingereza ilitangaza himaya yake katika Afrika Mashariki mwaka wa 1895, asijue sababu zake, amekumbuka tarakimu tu, hajajua historia.

Kwa hiyo kadi kumi kila siku, zilizoandikwa kwa mkono wako baada ya kulielewa somo, zina faida kuliko programu ya bei kubwa inayofunguliwa usiku wa kuamkia mtihani. Hapa upishi hauvunjwi na chungu cha bei rahisi, bali na mpishi asiyerudi jikoni.