Barabara Moja kwa Wanafunzi Wengi



Wahenga walisema kwamba elimu haina mwisho. Lakini katika maisha yetu elimu huwekewa mwisho, tena mapema. Kijana anapata diploma ya Serikali, wazazi wanakosa karo ya chuo kikuu, naye anaanza biashara ndogo au anakwenda kufundisha katika shule ya kijijini. Anaoa au anaolewa, watoto wanazaliwa, miaka inapita. Akifikia umri wa miaka 30 na kusema kwamba anatamani kurudi masomoni, watu humcheka na kumwambia kuwa wakati wake umekwisha.

Je, ni kweli kwamba wakati wake umekwisha? Historia ya vyuo vikuu inatoa jibu lingine. Inatuonyesha kwamba watu wazima walifunguliwa mlango wa masomo ya juu hasa pale vyuo vilipokubali kutumia kwa pamoja njia ambayo chuo kimoja kisingeweza kuijenga peke yake. Tuifuate historia hiyo hatua kwa hatua.

Chuo cha mtu anayeweza kuhama

Katika nchi yetu, chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 karibu na mji ulioitwa Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa. Chuo kikuu cha Élisabethville, yaani Lubumbashi, kilifuata mwaka 1956, na kile cha Stanleyville, yaani Kisangani, mwaka 1963. Vilikuwa vyuo vitatu katika nchi ambayo ukubwa wake unakaribia ule wa Ulaya Magharibi. Vilifanya kazi kubwa, lakini vilijengwa kwa ajili ya mtu anayeweza kuacha nyumba yake, kuhamia mjini na kukaa huko miaka kadhaa bila kazi nyingine. Mwalimu mwenye watoto wanne huko Fizi au Walungu hangeweza kufanya hivyo. Akili alikuwa nayo. Kilichokosekana ni njia ya masomo kumfikia pale alipo.

Posta, redio na televisheni

Afrika ya Kusini ilijaribu njia ya posta. Chuo kikuu kinachoitwa UNISA, ambacho asili yake ni ya mwaka 1873, kilianza kufundisha kwa barua mwaka 1946. Masomo yalitumwa ndani ya bahasha, na mwanafunzi alirudisha kazi zake kwa njia hiyohiyo. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Nelson Mandela. Alipata shahada yake ya sheria mwaka 1989, akiwa bado mfungwa na umri wake umefikia miaka 70. Ukuta wa gereza ulimzuia yeye kutoka, lakini haukuzuia masomo kuingia.

Tuone jambo moja hapa: UNISA haikujenga posta. Posta ilikuwa tayari, mali ya watu wote, na chuo kiliitumia.

Uingereza ilipanua wazo hilo. Mwaka 1963 kiongozi wa chama cha Labour, Harold Wilson, alipendekeza chuo kikuu kitakachofundisha kwa redio na televisheni. Wataalamu wengi walilidharau wazo hilo. Alipokuwa waziri mkuu, alimkabidhi kazi hiyo Jennie Lee, binti wa mchimba makaa ya mawe. Mama huyo alishikilia jambo moja bila kutetereka: chuo kipokee watu wasio na vyeti vya kuingilia, lakini kiwango cha shahada kisishushwe hata kidogo. Chuo hicho, Open University, kilipata hati yake mwaka 1969, na mwaka 1971 kikaanza na wanafunzi zaidi ya 20,000. Wengi walikuwa na kazi na familia. Masomo yalirushwa na shirika la utangazaji la BBC, ambalo lilikuwa tayari linaingia katika kila nyumba.

Lakini televisheni haikuachwa ifundishe peke yake. Kila mwanafunzi alikuwa na mwalimu wa karibu aliyesahihisha kazi zake, na palikuwa na vituo ambamo wanafunzi wa eneo moja walikutana. Tanzania nayo ilifuata njia ya namna hiyo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994, kikiwa na vituo mikoani.

Satelaiti na funzo lake

Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha mradi ulioitwa African Virtual University, yaani chuo kikuu cha Afrika kisicho na majengo ya kawaida. Masomo yalitoka katika vyuo vya nje ya bara letu, yakarushwa kwa satelaiti na kupokelewa katika vituo vya Afrika. Teknolojia ilikuwa ya kisasa, lakini gharama zake zilikuwa kubwa. Tena masomo yalikuwa yametungwa kwa ajili ya wanafunzi wa nchi nyingine, nao wanafunzi wa Afrika walibaki wasikilizaji. Baadaye makao yake yalihamishiwa Nairobi, na mwaka 2003 nchi za Afrika zilianza kutia sahihi mkataba wa kukifanya kiwe chombo chao wenyewe. Funzo lilikuwa wazi: haitoshi kupokea njia iliyojengwa na wengine. Wanaoitumia lazima wawe na sauti katika kuiendesha.

Kidole kimoja hakivunji chawa

Wakati huohuo vyuo vya Afrika vilikuwa na tatizo jingine. Kabla ya mwaka 2009, pwani ya Kenya na Tanzania haikuwa na kebo hata moja ya fibra iliyopita chini ya bahari kuiunganisha na mabara mengine. Intaneti ilipitia satelaiti, na chuo kililipa maelfu ya dola kila mwezi kwa laini nyembamba ambayo leo ingelemewa na simu chache tu. Mara nyingi ujumbe kutoka chuo kimoja cha Afrika kwenda kwa jirani yake ulivuka bahari hadi Ulaya au Marekani kabla ya kurudi.

Hapo vyuo vilifanya kile ambacho wafanyabiashara wetu wadogo wamekifanya siku zote. Mtu mwenye magunia mawili ya unga hakodi lori peke yake kutoka Uvira hadi Bukavu. Watu kumi wanachanga, lori linajaa, na kila mmoja analipa kidogo. Mwaka 1999 vyuo vya Kenya viliunda mtandao wao wa pamoja, KENET. Mwishoni mwa mwaka 2005 mitandao ya Kenya, Malawi, Msumbiji, Rwanda na Afrika ya Kusini iliungana na kuunda UbuntuNet Alliance. Jina hilo linatoka katika neno ubuntu, yaani utu: mimi ni mtu kwa sababu ya watu wengine.

Kebo za baharini zilipofika, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, vyuo vilivyokuwa vimekwisha kuungana vilikuwa tayari kununua nafasi kwa jumla. Mwaka 2011 ulianza mradi wa AfricaConnect. Umoja wa Ulaya ulitoa sehemu kubwa ya fedha, na mitandao ya Afrika ikachangia sehemu yake.

Kebo ni barabara tu. Juu yake vinahitajika vyombo vingine vya kushirikiana, na viwili vinastahili kutajwa.

Cha kwanza ni programu ya Moodle, iliyotolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia. Utotoni aliishi mbali sana na miji na kusoma kwa redio, kwa hiyo aliielewa shida ya mwanafunzi wa mbali. Kwa Moodle, mwalimu huweka masomo, hupokea kazi na kuongoza mazungumzo ya wanafunzi. Haiuzwi, kila chuo kinaruhusiwa kuichukua na kuirekebisha. Mwaka 2005 Open University yenyewe iliichagua. Hivyo chuo kikubwa cha Uingereza na chuo kidogo cha Afrika vinaweza kutumia chombo kilekile, na marekebisho ya mmoja yakawafaa wote. Inaweza hata kuwekwa katika seva ya chuo, wanafunzi wakaitumia hapo bila intaneti ya nje.

Cha pili ni eduroam, iliyoanza Ulaya mwaka 2003. Tunajua kwamba mkristo anayehamia parokia nyingine huchukua barua ya paroko wake. Parokia mpya inampokea kwa sababu inaiamini ile ya kwanza. Eduroam inafanya kazi kwa namna hiyo. Mwanafunzi akifika katika chuo kingine anatumia jina na neno la siri la chuo chake. Chuo chake kinathibitisha kwamba anamfahamu, na mwenyeji anamfungulia mtandao.

Kwa mtu mzima anayesoma huku akifanya kazi, mambo haya yana uzito. Leo yuko Bunia, kesho kazi inampeleka Kalemie. Kama masomo, maktaba na kumbukumbu za matokeo yake vimefungiwa katika jengo moja, safari hiyo inamkatisha masomo. Kama vyuo vinashirikiana, safari hiyo haimkatishi.

Kutoka Muanda hadi kwetu

Kongo nayo ina mtandao wake wa vyuo, Eb@le, na umo katika UbuntuNet. Kebo ya baharini iitwayo WACS ilianza kutumika kwetu mwaka 2013 kupitia Muanda, kwenye ufuo wetu mfupi wa Atlantiki. Lakini tazameni ramani. Ukipima kwa mstari ulionyooka, Bukavu iko mbali zaidi na Muanda kuliko ilivyo mbali na Mombasa. Kwa sisi wa mashariki, barabara ya elimu haiwezi kuwa ya nchi moja tu. Inahitaji ujirani mwema na Rwanda, Burundi, Uganda na Tanzania. Vita vinapofunga mipaka na kukata nyaya, vinakata pia masomo.

Tena kuna umeme unaokatika, simu zinazokopwa kwa jirani, na bei ya megabaiti inayomshinda mkulima. Mtu akisema kwamba simu peke yake itafungua chuo kikuu kwa wote, hajaishi vijijini kwetu. Hata hivyo, mfumo wa LMD unaohesabu masomo kwa krediti unatoa nafasi mpya. Krediti ikitunzwa vizuri na kutambuliwa na vyuo vyote, mtu anaweza kusimama kwa sababu ya ugonjwa au uzazi, kisha akarudi na kuendelea pale alipoachia.

Kwa hiyo tusikae tukisubiri mashine mpya. Historia hii inaonyesha mambo mawili yaliyokwenda pamoja daima: njia inayomilikiwa na wengi, na mtu aliye karibu na mwanafunzi. Njia ya wengi ni kazi ya vyuo na Serikali, nasi tuna haki ya kuidai. Mtu wa karibu tunaweza kuwa sisi wenyewe. Ukumbi wa parokia wenye paneli ya jua, kompyuta moja na vijana watano wanaosoma pamoja kila Jumamosi ni kituo cha masomo, kama vile vilivyowasaidia wafanyakazi wa Uingereza mwaka 1971.

Na yule dada mwenye miaka 30 anayetaka kurudi masomoni, asichekwe. Aulizwe anahitaji nini ili aanze.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Ni nani katika mtaa wetu aliyeacha masomo na angependa kurudi? Ni nini hasa kinachomzuia?

2. Ni vitu gani tulivyo navyo, kila mmoja kwa sehemu yake, ambavyo tukiviweka pamoja vingewasaidia wengi kusoma?

3. Tukikutana na viongozi wa vyuo vya jimbo letu, tuwaombe washirikiane katika jambo gani kwanza?