Ada na Mchango: Kutoka New York hadi Lusenda

Ada hudaiwa, mchango huombwa. Wafasiri wetu huyachanganya mno maneno haya. Miaka ya 1950 nchi changa zilidai, katika Umoja wa Mataifa, mfuko mkubwa wa mitaji. Mwaka 1958 zilipewa Mfuko Maalumu tu, uliotegemea hiari ya wachangiaji. Kundi la 77, lililoundwa 1964, likaendeleza dai la fedha za uhakika. Shirika la Wakimbizi nalo, kwa katiba yake ya 1950, hulipiwa na bajeti ya Umoja gharama za utawala tu. Mengine ni hiari. Kwa hiari hiyo walitunzwa Warundi waliokimbia nchi yao mwaka 2015 wakapokewa kambini Lusenda, wilayani Fizi, kaskazini ya Baraka. Hiari ikipungua, hodi hupigwa kwa wenyeji, ambao ardhi, kuni na maji yao havimo katika orodha ya wafadhili.