Nyasi za Ndama

Mawaidha ya siku hizi humtaka mtu atafute kwanza lengo la maisha, kisha ajipangie mazoea ya kila siku ya kulifikia. Historia ya Shinyanga yaenda kinyume. Huko mazoea yalitangulia, tena madogo kiasi kwamba wataalamu wa serikali waliyapita kwa miaka mingi bila kuyahesabu kuwa mpango. Lengo kubwa likaja kuota juu yake baadaye. Ninazungumzia ngitili, yaani kipande cha malisho ambacho mwenye kaya wa Kisukuma hukifunga mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, nyasi zikue na kukaukia papo hapo, kisha akakifungua kiangazi kinapokaza, Julai mpaka Septemba, kwa ajili ya ndama, ng'ombe dhaifu, na maksai watakaovuta plau mvua zikirudi. Mara nyingi hakuna ua wala seng'enge. Mpaka ni kichuguu, mti fulani, njia ya miguu, na makubaliano ya majirani. Kwa hiyo kazi yenyewe haimalizwi kwa siku moja. Huifanya mtoto anayechunga, asubuhi baada ya asubuhi, anapowazuia ng'ombe wasiingie kwenye nyasi zilizo karibu na kuwaswaga mpaka zilizo mbali. Ndani ya nyumba zilezile, viazi vitamu hukatwa na kuanikwa viwe michembe, au huchemshwa kwanza viwe matobolwa, kwa tabia hiyohiyo ya kuukatalia mkono leo. Ukimuuliza mwenye ngitili lengo lake ni nini, jibu ni fupi: ndama asife Septemba.

Mipango iliyokuja na malengo makubwa haikukosekana. Katika miaka ya 1920 na 1930 Shinyanga ilikuwa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, na vichaka vingi vilifyekwa na kuchomwa ili kumnyima mdudu kivuli. Lengo lilikuwa la haki, maana mbung'o huua ng'ombe kwa nagana na watu kwa malale, na nchi iliyosafishwa ilikalika. Lakini miti ilikwenda na mbung'o, na pamba ikafuata nyuma. Mwaka 1947 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, uliokuwa na kila kitu ambacho mpango hutakiwa kuwa nacho: makao yake Malya, wataalamu, hesabu za mifugo na ekari, na amri za kupunguza ng'ombe, kupiga matuta ya kukinga maji na kuweka samadi. Watemi walitakiwa kuzisimamia kwa faini. Wakulima walichoka nazo, na ghasia za Geita za 1958, zilizochanganya hasira juu ya baraza jipya la wilaya na hasira juu ya kanuni hizo, zilisaidia kuzizika sheria za kushurutisha. Wapo waliosema Msukuma hataki kujisumbua. Miaka hiyohiyo, chini ya uongozi wa Paul Bomani, wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walijenga Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililoanzishwa 1955 na likawa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Watu wasiotaka kujisumbua hawapimi pamba kila msimu, wakakagua mizani na kuweka daftari. Walichokikataa ni lengo la mtu mwingine lililoingizwa katika siku zao kwa amri. Operesheni Vijiji ya 1974 ilirudia kosa hilo kwa jina la ujamaa: kaya zilihamishwa na kukusanywa, na ngitili nyingi zikabaki mbali na macho ya wenyewe. Mazoea ya kila siku hayalindiki kwa mwendo wa saa mbili.

Kufikia miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere alikuwa akiitaja Shinyanga kama jangwa la Tanzania. Ndipo mwaka 1986 ilipozaliwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa fedha zilizotoka kwa sehemu kubwa Norway. Hapa pana pingamizi zito. Msomaji atasema: kumbe kilichoiokoa Shinyanga ni mradi wa serikali, magari na fedha za wafadhili, si mtoto anayeswaga ng'ombe. Fedha zilisaidia, sikatai. Lakini mradi ulianza kwa vitalu na miche ya miti ya kigeni, jambo ambalo kila mradi wa misitu hulipenda kwa sababu miche huhesabika, na haukuenea kwa kasi mpaka ulipogeuka na kuitazama ngitili. Ardhi iliyofungwa ilichipua migunga yake yenyewe kutoka katika visiki na mbegu zilizokuwa udongoni. Eneo la ngitili lililokadiriwa kuwa hekta 600 hivi mwaka 1986 lilizidi hekta 300,000 wakati HASHI inamalizika 2004, katika vijiji zaidi ya 800. Hakuna bwana miti anayeweza kulinda hekta hizo kila asubuhi. Zililindwa kwa kanuni za vijiji, na kwa dagashida, mkutano wa jadi ambamo aliyelisha kwenye ngitili ya mwenzake husimamishwa mbele ya wazee na kutozwa faini. Tuzo ya Ikweta iliyotolewa Johannesburg mwaka 2002 ilikuwa na jina la mradi, kama ilivyo desturi ya tuzo.

Ninachokitilia mkazo ni yale yaliyoota juu ya lengo lile dogo. Ndama alipopata nyasi, kuni zikasogea karibu na mlango, na mama aliyekuwa akipoteza nusu siku kuzitafuta akapata nusu siku. Zikarudi nyasi za kuezekea, mizizi ya dawa, nyuki na asali. Shule na vijiji vikafunga ngitili zao, vikauza nyasi na miti, na fedha zikaingia katika madarasa. Mtu aliyeanza kwa kulinda ndama wa kaya yake akajikuta katika kamati ya mazingira, akibishana juu ya chanzo cha maji cha kijiji kizima. Hakuwa amelitafuta lengo hilo. Alilikuta njiani kwa sababu alikuwa tayari anatembea.

Lakini upande wa magharibi upo ukanda wa dhahabu, na ukanda huo unabisha. Geita, Nyarugusu na Kahama zimejaa masimulizi ya mtu aliyeamka maskini akalala na nyumba. Nani achunge nyasi miezi minane? Jibu jepesi, kwamba dhahabu ni kamari, haliwatendei haki wachimbaji. Mwanaapolo, yaani mchimbaji mdogo, hukagua matimba kabla ya kushuka duarani, shimo la machimbo, hupokezana zamu, husimamia mgawo wa mifuko ya mawe. Mawe hupondwa, husagwa kwa karasha na kusafishwa mwaloni, siku zote, na bahati inayosimuliwa ni tone la juu la kazi hiyo. Nidhamu ipo, na anayeikosa hufukiwa. Tofauti iko kwenye mwamba. Mazoea ya ngitili hukiongeza kitu kinacholindwa. Mazoea ya duara hukimaliza, hata yakifanywa kwa uaminifu wote. Geita yenyewe iliwahi kulijua hilo: mgodi wake wa enzi ya Waingereza ulifungwa 1966, na mgodi mkubwa wa sasa haukufunguliwa mpaka 2000. Kati ya tarehe hizo ni zaidi ya miaka 30, muda wa kumfanya mchimbaji kijana kuwa babu. Wala si ajabu kwamba fedha nyingi za machimbo huishia kununua ng'ombe, nao hudai nyasi.

Pingamizi ninaloliogopa zaidi ni la tatu, nalo sina jibu kamili. Ngitili imemfaidi zaidi mwenye ardhi kubwa na mifugo mingi. Asiye navyo hukodi malisho kwa jirani au huingia usiku na kutozwa faini. Ekari zinagawanywa kati ya wana, na mkaa unatafutwa na kila mji wa machimbo. Kijana aliyerithi ekari mbili hawezi kufunga hata moja, na kumhubiria subira ni kumdhihaki. Kinachomhusu yeye ni ngitili ya kijiji: ipimwe, mipaka yake iandikwe katika mpango wa matumizi ya ardhi chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na asiye na ng'ombe apate sehemu yake katika kuni, asali na mapato ya nyasi. Vijiji vingi bado havijafanya hivyo, na kila mwaka unaopita bei ya kiwanja inawapa wajumbe wa halmashauri za vijiji sababu mpya ya kukigawa kilichofungwa.