Soko la Nyangwe na Sheria ya Moyoni

Mara nyingine vijana hutuuliza swali gumu: "Mwasema kumwuza mtu ni dhambi. Lakini wazee wa zamani waliuza watu wala hawakuona neno. Basi, wema na uovu si desturi tu, kila zama na zake?" Swali hili tusilidharau. Tulitazame hapa hapa kwetu Maniema.

Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alikuwapo Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Watu kama 1,500 walikuwa wamefika sokoni, wengi wao wanawake. Wakaingia watu watatu wenye bunduki, mmoja akabishania kuku. Mara risasi zikalia, na wenzao wakapiga kutoka upande wa mtoni. Watu wakakimbilia mitumbwi, wakajitupa majini. Wafanya biashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Wale watatu walikuwa watu wa Dugumbe, mfanya biashara mkubwa. Naye Dugumbe alitia watu katika mtumbwi mmoja ulioachwa, wakawaopoa 21 waliokuwa wakizama. Desturi yake ilimruhusu kuwanunua watu hao. Ni nani basi aliyemwambia wasiachwe wafe?

Tena biashara ile ilihitaji udhuru. Mwislamu huru hakuruhusiwa kufanywa mtumwa. Kwa hiyo aliyekamatwa aliitwa mshenzi, na mwenye bunduki akajiita mwungwana. (Kingwana, lugha yetu, kimepata jina lake hapo.) Mtu hatafuti udhuru kwa kunywa maji.

Mtakatifu Toma wa Akwino afundisha kwamba kanuni za kwanza za sheria ya maumbile, yaani kutenda mema na kuepa maovu, hazifutiki moyoni. Lakini yale yatokanayo nazo huweza kufichwa na tamaa na mazoea mabaya. Mfano wake ni Wajerumani wa kale, ambao kwa habari za Kaisari hawakuuona unyang'anyi kuwa kosa. Mtu aweza kuwa na hakika kabisa, naye amekosea.

Wala Wakristo tusijivune. Mwaka 1452 Papa Nikolao wa V alimpa mfalme wa Ureno ruhusa ya kuwatia wapagani utumwani. Ni mwaka 1839 Papa Gregori wa XVI alipoilaani waziwazi biashara ya watumwa. Na Serikali ya Leopold, iliyodai kuja kuvunja utumwa, mwaka 1887 ilimfanya Tippu Tip, bwana wa Kasongo, liwali wake wa Stanley Falls. Askari wake waliiteka Kasongo mwaka 1893, na huko chini ya mto watu walikuwa wakitozwa mpira kwa kiboko. Hao nao walikuwa na hakika yao.

Siku ile ya Nyangwe, mtumbwi wa Dugumbe ulimfikia mwanamke mmoja aliyekuwa majini. Hakuna katekista aliyepata kumfundisha. Alikataa kupandishwa, akidhani atafanywa mtumwa, akaendelea kuogelea. Jina lake halikuandikwa.