Sangara, wazungu na mishipi yao

Mada ya uchumi wa kikoloni wote tunaijua. Tangu sekondari tunaimbishwa mkonge, kahawa, pamba na reli mpaka tunaota. Samaki hawamo. Lakini wakoloni walihamisha samaki pia, na ukienda kununua kitoweo Bunju leo unaweza kukutana nao kwenye beseni.

Tuanzie kwa jirani zetu Kenya. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule mlowezi mwenye vituko vyake, aliagiza mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland, samaki wakapandwa mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Shida ilikuwa nini? Njaa? Wapi! Walowezi walikumbuka starehe ya kwao, kusimama mtoni na mshipi Jumapili. Wenyeji waliokuwa wakichota maji humo hawakuulizwa kitu.

Mwaka 1929 ikafuata Naivasha. Ziwa lile kiasili lilikuwa na kisamaki kimoja tu kidogo. Akaletwa besi mwenye mdomo mkubwa kutoka Marekani. Huyu ni wa ukoo mmoja na krapi, kisamaki ambacho Wamarekani wanakipenda sana kukivua kwa ndoana kwenye mabwawa yao. Besi anapenda kupambana akishanasa, ndiyo raha yenyewe ya mvuvi wa mshipi. Yule mwenyeji mdogo alionekana mara ya mwisho mwaka 1962.

Sasa tuje kwetu, Ziwa Victoria. Hapa ndipo penyewe.

Wavuvi wa ziwa lile walikuwa na mitego ya miti, mishipi na ndoana zao kabla mzungu hajafika. Mwaka 1905 zikaanza kuingia nyavu za kutega upande wa Kisumu. Ngege, yule perege mtamu wa asili, akaanza kupungua. Serikali ikamleta mtaalamu, Michael Graham, akalipima ziwa mwaka 1927 na 1928. Alishauri nyavu za matundu madogo zizuiwe. Tena akaonya kwamba kumwingiza samaki mkubwa mla wenzake bila utafiti wa kina ni hatari kubwa. Hayo yako kwenye ripoti yake ya 1929, mwaka uleule besi anamwagwa Naivasha!

Miaka ya 1950 maafisa wa uvuvi wa Uganda wakawa na wazo lao. Ziwa limejaa furu, visamaki vyenye miba visivyo na soko kwao, basi aletwe sangara avile, sisi tumle sangara. Na sangara anaweza kufika kilo 200, kwa hiyo wenye mishipi nao wakachekelea. Kiasili alikuwa Ziwa Albert na Turkana, maporomoko ya Murchison yakimzuia kupanda huku. Watafiti wa Jinja waligombana juu yake. Geoffrey Fryer aliandika mwaka 1960 akipinga kabisa. Kumbe sangara walishatiwa majini tangu 1954 hivi, kimyakimya, halafu mwaka 1962 na 1963 ndipo wakapandwa rasmi. Yaani mjadala unaendelea huku jambo limeshafanyika. Hapo ndipo mimi naona kuna somo zima la historia la kufundisha, kuliko kukariri tarehe za reli.

Na yule sato tunayemsifia kuwa ni wa Mwanza? Naye mgeni, aliingizwa miaka hiyohiyo ya 1950. Wenyeji ni ngege na mbiru.

Kwa miaka ishirini ilionekana kama hakuna kitu. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1980 sangara akalipuka ghuba ya Mwanza. Watafiti wa Kiholanzi kutoka Leiden walikuwa pale tangu 1977 wakihesabu furu, wakashuhudia wakiisha mbele ya macho yao. Ziwa lilikuwa na aina za furu zaidi ya 500, inakadiriwa kama 200 zimetoweka. Sangara hakuwa peke yake kwenye kosa hilo, maji yalikuwa yanachafuka na furu wenyewe walishaanza kuvuliwa kwa wingi kwa ajili ya unga wa samaki.

Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikapamba moto Mwanza na Musoma. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, mapanki yakabaki. Mnakumbuka zogo la ile filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, mpaka Rais Kikwete akaikemea hadharani mwaka 2006. Mimi filamu ile naona ilianzia katikati ya hadithi. Inaonyesha ndege na minofu, haiwaulizi waliobeba ndoo mwaka 1954. Ila pia siwezi kuungana na wanaosema sangara ni laana tupu. Kuna watu wengi kanda ya ziwa ambao ada zao za shule zimetoka kwenye mgongo wake, na ukiwaambia furu wamekwisha watakuuliza furu alilipa ada ya nani.

Hilo swali lao sina jibu la haraka. Nina swali langu: wazee wa Ukerewe na Musoma walikuwa na majina kwa furu wa aina mbalimbali. Mdau mwenye bibi au babu huko amuulize, ayaandike kabla hayajapotea nayo. Mimi nawahi daladala.