Mtoto Asiye na Karatasi

Kamati imetuomba sisi walimu tuandike jambo la historia katika toleo hili la kumbukumbu ya shule zetu. Tumechagua kisa cha mbali, cha Marekani, na kila mzazi wa kambini atakielewa bila kufafanuliwa sana.

Mwaka 1975 jimbo la Texas lilibadili sheria yake ya elimu. Shule zisipewe fedha za jimbo kwa ajili ya mtoto aliyeingia nchini bila kibali, tena ziruhusiwe kumkataa. Mwaka 1977 shule za mji wa Tyler zikaamua kumtoza kila mtoto wa namna hiyo dola 1,000 kwa mwaka. Wazazi wao walitoka Mexico, wakifanya kazi za ujira mdogo. Fedha hizo wangezitoa wapi?

Familia nne zilikwenda mahakamani. Jaji William Wayne Justice aliwaruhusu wafiche majina yao, na shauri likasikilizwa asubuhi na mapema ili wasionekane na watu wengi. Inasimuliwa kwamba walifika na magari yaliyojaa vyombo vya nyumbani, kwani huenda wangefukuzwa nchini siku hiyohiyo. Sisi tunajua mtu anavyofunga mizigo kabla ya kuitwa ofisini.

Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, ikaamuliwa tarehe 15 Juni 1982 kwa majaji watano dhidi ya wanne. Texas ilidai kwamba ulinzi sawa wa sheria, uliomo katika Marekebisho ya 14 ya Katiba, haumhusu aliyeingia kinyume cha sheria. Dai hilo lilikataliwa hata na wale wanne walioshindwa. Jaji William Brennan, kwa niaba ya walio wengi, alieleza kuwa mtoto hakuchagua kuvuka mpaka, basi asibebeshwe kosa la wazazi wake. Jaji Mkuu Warren Burger alipinga. Alikiri kwamba ni upumbavu kuwaacha watoto wakue bila elimu, ila kurekebisha sera mbaya ni kazi ya Bunge, si ya majaji. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mbunge gani atamsemea mtoto ambaye baba yake hapigi kura?

Mambo hayakuishia hapo. California, wakati wa uhaba wa kazi, wananchi walipigia kura Pendekezo la 187, tarehe 8 Novemba 1994, na asilimia 59 hivi wakaliunga mkono. Gavana Pete Wilson na wenzake walisema kodi ya raia inamalizwa na wageni wasio na vibali. Wapinzani walijibu kuwa hata asiye na kibali hulipa kodi kila anaponunua dukani. Lawama kama hizo sisi tumezisikia kwa majirani zetu, juu ya kuni na maji, na si haki kusema kila anayezitoa ana chuki.

Pendekezo hilo liliwanyima wasio na vibali shule na matibabu ya umma yasiyo ya dharura. Zaidi ya hayo, walimu na wauguzi walitakiwa kuwaripoti waliowashuku. Hapo ndipo tunaposhtuka. Mwalimu akishakuwa mpelelezi, nani atamleta mtoto darasani? Jaji Mariana Pfaelzer alizuia sehemu kubwa ya sheria hiyo, na mwaka 1999 serikali ya California ikaacha kuitetea. Kabla ya hapo, mwaka 1996, Rais Bill Clinton alikuwa ametia saini sheria ya nchi nzima iliyowanyima misaada mingi, huku matibabu ya dharura yakibaki.

Mwaka 2025 Seneti ya jimbo la Tennessee ilipitisha muswada wa kuruhusu shule zitoze ada au zimkatae mtoto asiye na kibali, lakini haukuwa sheria mwaka huo.

Nasi tunao watoto ambao majina yao hayamo kwenye kadi ya posho. Tunaiomba Kamati ilijadili jambo lao kabla uandikishaji wa muhula ujao haujaanza.